Lilifyatuka au lilifyatuliwa? Kombora la Denmark lililoitwa "Ala!"

Kila mzazi anayesema Kiswahili anaijua hila hii. Unasikia kishindo jikoni, unakimbilia, unamkuta mtoto amesimama katikati ya vigae, na kabla hujamuuliza anakuwahi: "Mama, kikombe kimevunjika." Hasemi "nimekivunja". Kimevunjika, kama vile kilichoka na maisha kikajitupa chini chenyewe. Na sisi watu wazima hatujambo: umeme umekatika, maji yamekatika, faili limepotea. Kati ya "kilivunjwa" na "kilivunjika" kuna tofauti ya herufi chache tu, lakini lawama nzima inapita hapo.

Mwaka 1982 jeshi la majini la Denmark lilijikuta katika hali ya mtoto huyo, isipokuwa kikombe chao kilikuwa na uzito wa karibu kilo 700 na kilikwenda kuvunjikia kijijini kwa watu.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 6 Septemba. Frigeti Peder Skram, manowari ya ukubwa wa kati, ilikuwa mazoezini katika Kattegat, ile bahari iliyobanwa kati ya Denmark na Sweden. Ilibeba makombora ya Kimarekani ya Harpoon, na jina hilo wavuvi wetu wa pwani wangelielewa mara moja, maana ni chusa, ule mkuki wa kuchomea samaki wakubwa. Chusa hiki kilitengenezwa kuchoma meli. Kina urefu wa mita nne na nusu hivi na kichwa cha mlipuko chenye uzito wa zaidi ya kilo 200, nacho huruka chini chini juu ya maji ili rada ya adui ichelewe kukiona.

Siku hiyo hapakuwa na adui, wala amri ya kufyatua. Kombora moja likatoka tu, likaenda zake. Liliruka kilomita 34, mwendo ambao kwa kasi yake haufiki hata dakika tatu. Likamaliza bahari, likaingia nchi kavu, likakata nyaya za umeme, likagonga miti, likalipuka katikati ya nyumba za mapumziko huko Lumsås, kaskazini-magharibi mwa kisiwa cha Sjælland. Nyumba nne ziliangamia. Majengo mengine yapatayo 130 yaliharibika kwa wimbi la mlipuko na vipande vilivyoruka.

Watu walioumia: hakuna hata mmoja.

Tulia kidogo kwenye sentensi hiyo, kwa sababu hadithi yote inayofuata imesimama juu yake. Wadenmark wengi wana kijumba cha mbao karibu na ufuko, cha kukimbilia majira ya joto. Julai vijumba hivyo hujaa babu, bibi, wajukuu na baiskeli. Lakini Septemba shule zimeshafunguliwa, na Jumatatu watu wako kazini mjini. Kombora lilikuta vitanda vimetandikwa, mapazia yamefungwa na hakuna mwenyewe. Lingetoka wiki sita mapema, siku ya Jumamosi, leo tungekuwa tunasoma majina kwenye mnara wa kumbukumbu. Kwa kuwa halikuua, watu walilipa jina la utani.

Walilibatiza "hovsa-missilet". Hovsa ni neno analolitamka Mdenmark akijikwaa ngazini, au mtoto akimwaga maziwa. Si tusi wala kilio. Nimehangaika nalo kulitia katika Kiswahili. "Lo!" ni mshangao mtupu, hauna aibu ndani yake. "Masalale!" ni kubwa mno, hilo ni la mtu aliyeona jini. "Samahani" inakiri kosa, na hovsa haikiri lolote. Mwisho nimeona linalokaribia ni "Ala!", lile la mtu aliyejishtukia ameweka chumvi mara mbili. Na tumebahatika, kwa sababu ala kwa Kiswahili ni mfuko wa kisu au upanga pia. Kombora la Ala, basi, lililotoka alani bila kuchomolewa.

Uzuri wa neno hovsa ni kwamba halichagui upande, na upande ndio uliokuwa ugomvi wenyewe. Ofisa aliyesimamia makombora melini alishikilia kwamba ufunguo wa kufyatulia haukuguswa. Kwa maneno yetu, lilifyatuka. Kampuni ya Marekani iliyolitengeneza, McDonnell Douglas, ikajibu kwamba mitambo yake haina kasoro na kosa ni la mtu. Yaani lilifyatuliwa. Ofisa yule akashtakiwa kwa uzembe, mambo yakaburuzana mahakamani, na mwisho akaonekana hana hatia. Wakati wanasheria wakibishania kitenzi, wananchi walikuwa wameshamaliza: ala, basi.

Hoja ya ofisa haikuwa ya kujitetea ovyo. Mwaka mmoja kabla, tarehe 14 Julai 1981, manowari ya Marekani yenyewe, USS Coontz, ilitoa Harpoon bila kukusudia karibu na kisiwa cha St. Croix katika Visiwa vya Virgin. Lile lilielekea baharini na halikuonekana tena. Bahari haina vijumba vya mbao, kwa hiyo hakuna aliyelitungia jina.

Msomaji atauliza: inawezekanaje silaha nzito namna hii itoke kama chafya? Hapa ndipo pana fundo la kweli, na halihusu Denmark peke yake.

Silaha ya melini inabebeshwa kazi mbili zinazogombana. Ikitakiwa, lazima itoke mara moja, bila kusuasua, maana kombora la adui linalokuja halikupi nafasi ya kutafuta miwani. Isipotakiwa, lazima isitoke kabisa, hata meli ikigonga mwamba, hata mvua ikiingia kwenye nyaya. Fundi akiongeza kufuli ili isitoke kwa bahati mbaya, anaongeza pia hatari ya kukwama siku ya vita. Akipunguza, anaongeza hatari ya Lumsås. Basi wanaweka tabaka: ufunguo hapa, kitufe kule, swichi ya mazoezi na ya vita, ofisa wa kutamka amri na mwingine wa kuirudia. Kila tabaka ni zuri. Tatizo ni mkono wa binadamu, ambao ukizoea kupita kwenye mlango hauuoni tena.

Kama umewahi kutuma pesa kwa simu kwenda namba isiyo yake, unajua ninachosema. Simu ilikuonyesha jina la mpokeaji, ikakuuliza kama una hakika, ikadai namba ya siri. Tabaka tatu! Nami bado niliwahi kumtumia fundi cherehani kodi ya nyumba, huku nikitazama jina lake kwenye kioo, kwa sababu kidole kilikuwa kimeshafika mwisho wa safari kabla ya macho. Fundi alirudisha, Mungu ambariki, ila hadi leo akiniona ananiuliza kodi ya mwezi huu vipi.

Mazoezi ya kijeshi ndiyo mahali pa kuzoea kwa namna hiyo. Baharia anafundishwa kurudia hatua zilezile za kufyatua hadi azifanye usingizini, akitumia meza ileile na vitufe vilevile vya vita. Kinachotofautisha mchezo na mauaji mara nyingi ni kidude kimoja kidogo. Hadithi inayoonyesha jambo hili vizuri kuliko zote ilitokea Novemba 1943, na mlengwa alikuwa Rais wa Marekani.

Franklin Roosevelt alikuwa safarini kwenda kwenye mikutano ya Cairo na Tehran. Alipanda meli kubwa mpya ya kivita, USS Iowa, pamoja na wakuu wote wa majeshi yake: Jenerali Marshall wa jeshi la nchi kavu, Jenerali Arnold wa jeshi la anga, Admirali King wa jeshi la majini. Msafara ulisindikizwa na manowari ndogo za kuwinda nyambizi, na mmoja wa walinzi hao alikuwa USS William D. Porter, meli iliyokuwa na miezi michache tu kazini. Safari ilikuwa ya siri, na redio zilizimwa ili Wajerumani wasisikie.

Tarehe 14 Novemba, mashariki ya Bermuda, Iowa ilifanya maonyesho ya mizinga ya kutungua ndege ili Rais atazame. Porter nayo ikaona isikae bure, ikaanza mazoezi ya torpido, lile bomu linalosafiri lenyewe chini ya maji. Katika mazoezi ya namna hiyo unahitaji kitu cha kulenga, na kitu kikubwa kuliko vyote kwenye upeo wa macho kilikuwa Iowa. Hakuna ubaya, mradi fataki zimetolewa. Fataki, kama wajuavyo wenye magobori, ndicho kile kidude kinachowasha baruti, na baruti ndiyo inayoisukuma torpido itoke kwenye mrija wake. Ukiitoa unaweza kulenga, kuhesabu, kupiga kelele "Piga!" na kubonyeza, kisitoke kitu. Mrija wa kwanza: piga, kimya. Wa pili: piga, kimya. Wa tatu fataki ilikuwa imesahauliwa ndani.

Torpido ikatumbukia na kuanza safari kuelekea kwa Rais. Inasimuliwa kwamba Porter, kwa kuogopa kuvunja amri ya ukimya wa redio, ilijaribu kwanza kutoa habari kwa taa, na mtoa ishara, mikono ikimtetemeka, akatuma ujumbe usio sahihi. Mwishowe wakavunja ukimya, Iowa ikakata kona kwa nguvu zake zote, na torpido ikalipuka nyuma yake kwenye povu la mkondo wake. Roosevelt, ambaye alikuwa hawezi kutembea, inasemekana aliomba kiti chake kisogezwe ukingoni akaone.

Kisha vikaanza vicheko, na hapa tazama kila mmoja anacheka kutokea wapi. Jenerali Arnold wa ndege anasimuliwa kumwinamia Admirali King na kumuuliza kwa upole kama mambo haya hutokea mara nyingi katika jeshi lake la majini. Harry Hopkins, msaidizi wa karibu wa Rais, aliandika kwamba kwa kuwa humo melini mlikuwa na maofisa 20 wa jeshi la nchi kavu, jeshi la majini halitaachwa lipumue. Ni utani wa mtani kwa mtani, kama wa Mzaramo na Mnyamwezi msibani: unaruhusiwa kusema lolote kwa sababu kila mtu anajua hutaki afe.

Utani mwingine uliwafuata mabaharia wa Porter wenyewe. Kila walipoingia bandarini au kupishana na meli nyingine, inasemekana walipokewa kwa kelele: "Msipige, sisi ni Republican!" Roosevelt alikuwa wa chama cha Democrat, kwa hiyo walioomba kuachwa hai walikuwa wanajitambulisha kuwa wa chama cha wapinzani wake. Ni sentensi fupi, lakini ina ujanja. Inajifanya kuamini kwamba torpido ile ililenga kwa makusudi, na ikilenga kwa makusudi basi mabaharia wa Porter si wazembe, ni wauaji wenye msimamo wa kisiasa. Utani umemwondolea mtu aibu ya "ilifyatuka" kwa kumpa hatia kubwa kiasi kwamba hakuna anayeweza kuichukulia kwa uzito.

(Sijui kama kuna meli nyingine iliyoandamwa na nuksi kama Porter. Juni 1945 karibu na Okinawa ndege ya Kijapani ya kujitoa mhanga iliikosa, ikaanguka majini pembeni, ikazama hadi chini ya meli, ndipo ikalipuka. Porter ikazama baada ya saa tatu hivi. Mabaharia wote waliokoka. Hata kuzama kwake ni kwa kukoswa.)

Nimesikia watu wakiunganisha visa hivi na kile cha Waingereza cha Januari 2024, nami nadhani wanachanganya mambo. Nyambizi HMS Vanguard ilikuwa ikijaribu kombora la Trident karibu na Florida, waziri wa ulinzi akiwa ndani. Kombora lilitoka majini, injini zake hazikuwaka inavyotakiwa, likarudi palepale. Mtu aliyenukuliwa na gazeti la The Sun alisema lilitua "plop", karibu kabisa na nyambizi. Kiswahili kina neno kamili la jambo hilo: chubwi! Wacheshi walifaidi. Ila hapo tuko upande wa pili wa lile fundo, kwa mtu aliyetaka silaha itoke nayo ikagoma. Hicho ni kicheko cha mhunzi aliyepeleka shoka sokoni likavunjika mbele ya wateja, si cha mtoto wa kikombe.

Majirani wa Denmark walikuwa wameshaonja cha kwao kabla ya Lumsås. Oktoba 1981 nyambizi ya Kisovieti ilikwama kwenye miamba ya Sweden, karibu na kituo cha jeshi la majini cha Karlskrona. NATO iliziita nyambizi za aina ile "Whiskey", na kwa Kiingereza anayetaka wiski yenye barafu huagiza iwe "juu ya mawe". Utani ulijitunga wenyewe, na ukazunguka dunia. Watu wa pembe ile ya Ulaya, waliokuwa wakiishi katikati ya mivutano ya vita baridi, walikuwa na haja kubwa ya kucheka. Harpoon za Denmark zilinunuliwa kuzuia manowari za Kisovieti zisipite kwenye milango ya Baltiki. Na matokeo ya kuonekana kwa macho, hadi siku ile, yalikuwa vijumba vinne vya Wadenmark.

Lakini usidhani jeshi likikosea kunakuwa na kicheko daima. Chukua kisa chenye mitambo inayofanana, saa mbaya zaidi.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Oktoba 1992, katika mazoezi ya NATO kwenye bahari ya Aegean, meli kubwa ya Marekani ya kubebea ndege, USS Saratoga, ilikuwa karibu na manowari ya Kituruki. Maofisa waliamua kufanya zoezi la ghafla la kufyatua makombora ya Sea Sparrow. Mabaharia wanaohusika waliamshwa usingizini bila kuambiwa kwamba ni zoezi. Katika mfululizo wa amri ikatoka moja ambayo kwa Kiswahili ningeitafsiri "washa silaha na urekebishe mitambo". Kwa vijana walioketi kwenye vitufe, maneno hayo yalikuwa na maana moja tu: andaa kombora, linakwenda kweli. Maofisa waliosimamia zoezi hawakujua kwamba maneno hayo yana uzito huo. Neno moja lilisikika kwa masikio mawili. Makombora mawili yakatoka, yakaipiga manowari ya rafiki. Wakafa watu watano, nahodha akiwemo.

Manowari ile iliitwa Muavenet. Neno hilo Waturuki walilipata kwa Waarabu, nasi tunalo ndugu yake kila tunapomwomba Mungu atuauni. Maana yake ni msaada. Mwaka uliofuata Marekani iliipa Uturuki frigeti nyingine kuwa fidia, nayo ikapewa jina hilohilo. Sijawahi kukutana na utani wowote kuhusu Muavenet, na ningekutana nao nisingeuandika hapa.

Huko Taiwan, asubuhi ya tarehe 1 Julai 2016, mwanajeshi wa cheo cha chini aliachwa peke yake kwenye meza ya mitambo ya manowari ndogo iliyokuwa gatini Kaohsiung. Ilikuwa ukaguzi, si vita. Mfumo ulipaswa kuwa kwenye hali ya mazoezi, ukawa kwenye hali ya mapigano, na hakuwapo wa juu yake wa kumshika mkono. Kombora la Hsiung Feng III, jina lenye maana ya upepo shujaa, likaondoka kuelekea upande wa China na kuipiga mashua ya uvuvi yapata kilomita 75 mbele, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Unguja. Nahodha wa mashua akafa, wenzake watatu wakajeruhiwa. Siku hiyo Chama cha Kikomunisti cha China kilikuwa kinatimiza miaka 95, na ulimwengu ulikaa roho juu kwa saa kadhaa ukitafuta maana ya tarehe. Hapakuwa na maana. Palikuwa na swichi.

Na Mei 2020, katika Ghuba ya Oman, manowari ya Iran Jamaran ilipiga kwa kombora meli ya kwao wenyewe, Konarak, iliyokuwa kwenye zoezi hilohilo la kulenga shabaha. Walikufa 19.

Weka visa hivi vyote mezani, utaona kwamba ukiondoa mahali kombora lilipotua, hutaweza kutenganisha cha kuchekesha na cha kuliza. Fataki iliyosahauliwa ndani ya Porter na swichi ya Kaohsiung ni uzembe wa familia moja. Ofisa wa Peder Skram na vijana wa Saratoga wote walifuata taratibu kama walivyozielewa. Kilichoamua ni povu la maji, au kitanda kisicho na mtu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema Wadenmark walicheka kwa kuwa ni watu wa masihara. Walicheka kwa kuwa walipewa nafasi, na kicheko chao kilijaa hesabu: kila aliyesema hovsa alijua tarehe ilikuwa Septemba.

Kuna faida moja zaidi ya neno lile. Ripoti za kijeshi zina lugha ya kuua usingizi: kulitokea utokaji usiokusudiwa wa kifaa, hatua stahiki zimechukuliwa. Ukisoma mara mbili hujui nani alifanya nini. Baada ya mwaka mmoja hakuna anayekumbuka. Lakini jina la utani halifutiki. Waziri anayesimama bungeni kuomba fedha za makombora mapya, anaburuza neno "Ala!" kama mtu mwenye kamba ya kiatu iliyofunguka. Na hapa kuna jambo la kufurahisha kwa waliobahatika kujua historia: Peder Skram mwenyewe, yule admirali wa karne ya 16 aliyeipa meli jina, Wadenmark walimwita jasiri asiyeogopa kujaribu lolote, "Danmarks Vovehals". Frigeti yake ilistaafu mwaka 1990 na sasa ni makumbusho huko Holmen, Copenhagen, ambako unaweza kununua tiketi na kupanda.

Jina la utani lilirudi kazini miaka 42 baadaye. Machi 2024 frigeti nyingine ya Denmark, Iver Huitfeldt, ilipambana na droni za Wahouthi wa Yemen katika Bahari ya Sham, na katikati ya mapambano mfumo wake wa makombora ukagoma, na baadhi ya risasi za mizinga zikalipuka mapema mno karibu na meli yenyewe. Mkuu wa majeshi hakumfikishia waziri habari hizo ipasavyo. Tarehe 3 Aprili akafutwa kazi.

Tarehe 4 Aprili, siku moja tu baadaye, frigeti Niels Juel ilikuwa gatini Korsør ikifanya jaribio la lazima la mtambo wake wa Harpoon. Harpoon tena. Mtambo ukawashwa, ukagoma kuzimika. Kombora likakaa kwenye mrija wake, tayari, bila mtu kuweza kuliambia lilale. Jeshi lilieleza kwamba kichwa chake kisingelipuka, lakini roketi ya kulisukuma ingeweza kulirusha kilomita kadhaa. Sehemu ya mlango wa bahari wa Storebælt, njia kuu ya meli kuingia Baltiki, ikafungwa, na anga lake pia. Meli za mizigo zikaambiwa zitie nanga na kusubiri, eneo la kilomita tano hadi saba likiwa limetangazwa kuwa la hatari, huku wataalamu wakitafutwa.

Hebu vuta picha ya mabaharia wa meli za mizigo siku hiyo, kila mmoja na lugha yake, wakiuliza redioni kuna nini mbele, na kujibiwa kwamba kuna kombora ambalo halijaamua. Kwa Wadenmark waliokuwa nyumbani hapakuwa na haja ya maelezo. Wenye umri wa kukumbuka 1982 walishalitamka lile neno kabla mtangazaji hajamaliza sentensi.

Jioni mafundi wakafaulu kulizima. Njia ikafunguliwa, meli zikang'oa nanga. Halikufyatuka, wala halikufyatuliwa.